Krimu yangu inateleza, na Jumamosi nina keki za vikombe 24 za kupamba

Baba Pacha:

Habari zenu wapendwa. Naomba msicheke, au mkicheka basi iwe kimyakimya.

Pacha wangu wanatimiza miaka 6 Jumamosi. Mama yao yuko safarini kikazi, anarudi siku hiyohiyo jioni, na mimi kwa kiherehere changu nikasema keki niachieni mimi. Kuoka kwenyewe nakuweza. Jana nimeoka 12 za majaribio, zimeiva vizuri, laini, hata karatasi zake zinabanduka bila kung'ang'ania. Balaa liko kwenye mapambo.

Nilichofanya ni hiki. Siagi niliiyeyusha kwenye sufuria ili iwe rahisi kuchanganya. Nikatia sukari, hii ya kawaida ya chai, nikiamini itayeyuka humohumo. Maziwa kwa kukadiria. Nikapiga kwa mwiko mpaka bega likauma. Ikawa uji. Nikaongeza sukari, ikawa uji wenye mchanga. Keki zilikuwa bado na uvuguvugu lakini watoto walikaribia kulala na nilishawaahidi wataziona, kwa hiyo nikapaka hivyohivyo. Krimu ilikaa dakika moja, halafu ikaanza safari. Ikashuka pembeni, ikaingia kati ya keki na karatasi. Mmoja wa pacha akaangalia weee, akaniuliza, "Baba, mbona keki inalia?"

Naomba msaada kwenye haya: krimu inayosimama inatengenezwaje? Sina mfuko wa kupambia wala zile nozeli za chuma (vile vincha vya kutolea krimu), ninunue seti nzima au kuna njia nyingine? Na rangi je? Mmoja anataka waridi, mwingine bluu, tena "bluu ya usiku". Nilicho nacho ni mashine ndogo ya mkono ya kupigia mayai (nimeigundua leo nyuma ya kabati), mizani ya jikoni, na mikono mizito. Leo Jumanne.

Mkono wa Unga:

"Keki inalia" imenimaliza.

Kwa kifupi, kaka: umeyeyusha siagi, umetia sukari isiyo ya unga, umepaka keki ya moto. Makosa yote makubwa umeyamaliza kwa jioni moja, wengine sisi yalituchukua mwaka. Tafuta sukari ya unga, mengine watakueleza wenye subira ya kuandika.

Shangazi Mwiko:

Subira ninayo, na leo sina pa kwenda.

Baba Pacha, pole. Mimi sijasoma kozi yoyote ya keki, nimejifunzia jikoni kwangu kwa kuharibu, na mikono yangu ni mizito kuliko yako. Kwa hiyo hilo la mikono liache. Krimu haijui mkono ni wa nani, inajua joto tu. Keki zangu za kwanza kupamba zilikuwa 30, za kumuaga mwenzetu kazini aliyekuwa anastaafu. Niliamka alfajiri nikazipamba, zikapendeza mpaka nikazipiga picha. Nikaziweka kwenye boksi kiti cha nyuma cha gari, nikapita mahali "dakika tano tu". Gari juani. Nilipofungua boksi mbele ya watu, kila keki ilikuwa na upara na krimu yote imekimbilia kona moja. Mstaafu wa watu akaichota kwa kijiko akasema tamu. Mungu amjalie.

Tuanze na siagi. Usiiyeyushe, hata kidogo. Itoe kwenye friji, ikate vipande, iache mezani mpaka ukibonyeza kwa kidole kinazama na kuacha shimo, lakini kidole hakitoki kinang'aa mafuta. Kama una kipimajoto, hiyo ni nyuzi 18 hadi 21 hivi. Ikiwa katika hali hiyo, ukiipiga inashika hewa, na hewa ndiyo inayoifanya isimame. Ikishayeyuka, maji na mafuta yake vimeachana, haishiki kitu. Ukiigandisha tena utapata siagi ya kupakia mkate, ya krimu imeshakwenda.

Sukari ya chai hukukosea kwa ujinga, ni dhana ya wengi. Sukari huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta, na ndani ya siagi maji ni machache mno kwa sukari yote ile. Ungepiga mpaka asubuhi, mchanga ungekuwepo. Ukikosa sukari ya unga, isage hiyohiyo kwenye blenda, kidogokidogo, na kijiko kimoja cha chai cha wanga wa mahindi kwa kila kikombe, kisha uichekeche kwa chekeche la matundu madogo. Ukimaliza kusaga usifungue mfuniko papo hapo. Ngoja vumbi litue, la sivyo utapamba na nyusi zako.

Vipimo vya keki 24 za kupaka kwa kijiko: siagi gramu 250, sukari ya unga gramu 500, maziwa vijiko 2 vya chakula, vanila kijiko 1 cha chai, chumvi ya kunyunyiza kwa vidole viwili kama siagi yako haina. Piga siagi peke yake kwanza, dakika 5 kwa kutazama saa, usikadirie. Utaiona inaacha umanjano na kuwa nyeupe nyeupe. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa dakika ya pili, wakamwaga sukari, halafu wanalalamika krimu nzito kama udongo. Sukari itie kwa awamu tatu, mashine ianze polepole, funika bakuli kwa kitambaa chenye unyevu isiruke. Maziwa yawe mwisho, kijiko kimoja, uangalie, ndipo cha pili. Imekuwa tayari pale ambapo ukichota kwa kijiko na kukipindua, krimu inabaki inaning'inia na kancha kake kameinama kidogo. Ikidondoka, iweke friji dakika 10 na uipige tena kabla hujakimbilia kuongeza sukari. Ikikatikakatika kama maziwa yaliyoganda, siagi ilikuwa baridi. Endelea kupiga, itarudi.

Halafu keki zako. Siagi huyeyuka chini kidogo tu ya joto la mwili, ndiyo maana huisha mdomoni bila kutafunwa. Sasa ukiipaka kwenye keki yenye uvuguvugu, umeitia mdomoni. Keki ipoe saa nzima juu ya waya, na usipime kwa kugusa juu kwa sababu juu hupoa haraka. Ipindue, gusa kitako. Mimi ningeoka Ijumaa usiku, nikapamba Jumamosi asubuhi, wala nisingejipa mtihani.

Seti usinunue. Sikiliza, kijiko cha chai kinatosha, tena kinatoa umbo ambalo watu watadhani una siri. Weka tonge la krimu katikati ya keki, kama gramu 30. La kwanza lipime kwa mizani jicho lizoee. Usilipake. Shika keki kwa mkono wa kushoto, mgongo wa kijiko uweke juu ya tonge, bonyeza taratibu mpaka krimu isogee karibu na ukingo, ibaki keki ya nusu sentimita ikionekana pembeni. Hapo usiinue kijiko. Zungusha keki, kijiko kikae. Mkono wa kulia utulie kama umegundishwa, wa kushoto uzungushe duara moja tu, na ukikaribia pale ulipoanzia vuta kijiko kuelekea katikati na juu. Kitaacha mfereji unaozunguka, na ncha katikati. Weka chini, chukua nyingine. Usirudi kulainisha! Krimu hii huanza kukauka uso baada ya dakika kumi hivi, na ukirudi nayo wakati huo inachanika kama ngozi ya kisigino.

Weka bakuli mbili: moja ya krimu safi, moja ya kupangusia kijiko chenye makombo. Kombo moja likirudi kwenye bakuli kuu utaliona kwenye keki kumi zinazofuata.

Rangi nitarudi, chai inachemka.

Nozo Moja:

Shangazi namheshimu lakini hapo kwenye nozeli simuungi mkono. Seti nzima ni upotevu, kweli, utatumia moja na kumi zitapata kutu. Ila nozeli moja kubwa ya nyota inasamehe makosa kuliko kijiko. Mikunjo yake inaficha kila kitu: kutetemeka, makombo, hata keki iliyopasuka juu.

Mfuko si lazima. Chukua mfuko wa plastiki mnene wa kuhifadhia chakula, kata kona moja, sukuma nozeli mpaka itokeze nusu. Simamisha mfuko ndani ya glasi ndefu, kunja mdomo wake nje ya glasi, mikono yote miwili inakuwa huru kujaza. Jaza nusu tu. Anayejaza mpaka juu ndiye krimu inayomtokea kwenye kiwiko. Sokota juu, msokoto ukae kati ya kidole gumba na cha shahada, minya kwa kiganja kutoka juu. Mkono wa pili kazi yake ni kuelekeza tu.

Mfuko uwe wima, ncha iwe sentimita moja juu ya keki, isiguse. Anza ukingoni, zunguka ukiingia ndani, duara la pili likalie la kwanza, na ukifika kileleni ACHA KUMINYA kwanza, ndipo uinue. Ukiinua huku unaminya unapata mkia wa panya. Ukitaka ua la waridi badala ya mlima, anzia katikati na utoke nje kwa duara moja na nusu hivi. Umemaliza.

Angalizo la kipimo: misokoto mirefu inakula krimu. Kile kipimo cha Shangazi kwa nozeli kitakutosha keki 12 hadi 15, siyo 24.

Shangazi Mwiko:

Mwanangu Nozo, sipingi. Ila Baba Pacha ana siku nne na watoto wawili. Kama atatumia nozeli, basi Alhamisi afanye mazoezi juu ya kitako cha trei: anaminya, anakwangua, anarudisha kwenye mfuko, anaminya tena. Krimu ileile mara kumi. Asijifunzie juu ya keki.

Kijiko Tele:

Jamani si azitie friji tu zikishapambwa, zigande, tatizo liishe?

Shangazi Mwiko:

Ziingie friji ndiyo, kama nyumba ina joto. Lakini ziwe kwenye chombo chenye mfuniko, na zikitoka zisifunguliwe palepale. Keki baridi ikikutana na hewa ya joto inatoa jasho, matone yanakaa juu ya krimu, rangi zinaanza kuchirizika na zile chembe za rangi za kupambia zinaacha madoa. Ziache na mfuniko wake nusu saa mpaka saa moja, jasho libaki kwenye chombo. Tena krimu ya baridi ikiliwa ni kama kutafuna kipande cha siagi, hata watoto watakushangaa.

Baba Pacha:

Alhamisi, saa nne usiku, ripoti ya majaribio.

Siagi: nilibonyeza kidole kila baada ya dakika kumi kama daktari. Dakika 5 za kupiga ni ndefu sana mtu akiwa amesimama. Lakini ilipogeuka nyeupe nilimwita mpaka jirani. Kijiko nimekipindua, krimu haikudondoka. Nilikipindua mara tatu kwa raha zangu.

Kijiko cha Shangazi: ya kwanza mbaya, ya pili mbaya, ya tatu nikagundua nilikuwa nazungusha kijiko na keki kwa pamoja, kila kimoja upande wake. Nilipouegemeza mkono wa kulia kwenye ukingo wa meza, ya nne ikatoka. Ya tano nimeipiga picha.

Nozeli: nimenunua moja ya nyota. Nimefanya mazoezi kwenye trei, mikia ya panya mingi, baadaye ikapungua. Nimeamua misokoto 6 ya nozeli katikati ya sahani, nyingine 18 kijiko.

Sasa rangi. Nimetumia rangi ya chakula ya maji. Waridi imekuja, ila krimu imelegea. Bluu nimetia matone mpaka nimeogopa, na imetoka kijani cha bwawa. Siyo bluu! Mwenye bluu yake ameangalia akanyamaza, na kunyamaza kwake kunaniuma kuliko angelia.

Shangazi Mwiko:

Kijani ni kwa sababu siagi yako bado ina umanjano. Bluu juu ya manjano, shule ya chekechea, inatoa kijani. Dawa ya kwanza ni kuipiga siagi zaidi kabla ya sukari, dakika 7 au 8, iwe nyeupe kadiri inavyoweza. Ya pili, chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi ya zambarau, iguse krimu mara moja tu. Zambarau inaufuta umanjano. Mara moja, nimesema. Ukizidisha utapata kijivu cha simenti.

Na achana na rangi ya maji. Kila tone ni maji unayoongeza kwenye mafuta, mwisho krimu inalegea au inakatika. Tumia ile ya jeli, nzito, inayochotwa kwa kijiti. Kwa rangi iliyokolea usiifukuzie siku hiyohiyo: changanya Ijumaa usiku, funika, ilale. Asubuhi utaikuta imekolea yenyewe bila kuongezewa kitu. Ukitaka kuisaidia, chota vijiko viwili vya krimu hiyo ya bluu, vipashe sekunde chache tu mpaka vilainike sana, rudisha kwenye bakuli uchanganye. Inakolea.

"Bluu ya usiku" kabisa usiahidi. Itahitaji rangi nyingi mpaka iwe chungu na meno ya wageni yabadilike. Mwambie ni bluu ya magharibi, jua likizama. Kisha mwagie chembe nyeupe, ndiyo nyota zake.

Mkono wa Unga:

Na hizo chembe zitie keki moja moja, papo hapo baada ya kupaka. Usisubiri umalize zote 24, utakuta uso umekauka na chembe zinadunda kuishia sakafuni. Njia safi: zimwage kwenye kisahani, chukua keki iliyopakwa, ilaze ubavu, viringisha ukingo wake kwenye chembe kama gurudumu. Inapata mkufu kuzunguka, katikati inabaki safi. Hii kazi wape pacha, wataifanya kwa heshima zote.

Na kama una wazo la kuweka vipande vya matunda juu, viwekwe dakika za mwisho, vimekaushwa kwa karatasi ya jikoni. Majimaji yake yanaitoboa krimu.

Baba Pacha:

Jumamosi usiku. Wamelala, mama yao amefika, nyumba ina chembe za rangi mpaka kwenye soksi.

Keki 24 zilisimama. Hakuna iliyolia. Niliamka saa kumi na moja, krimu ya bluu kwenye bakuli ilikuwa imekolea kuliko nilivyoiacha, nilidhani mtu ameiongezea usiku. Ile zambarau nilitia ncha ya kijiti kama nilivyoelekezwa, mkono ukitetemeka kuliko kwenye nozeli. Imekuwa bluu. Mwenyewe ameikubali, amesema ni "usiku ambao bado mchana kidogo".

Kasoro zipo. Misokoto ya nozeli 4 imekaa vizuri, 2 imeinama kama wazee wanaosalimiana. Keki tatu nilizijaza mno wakati wa kuoka zikatoka na vichwa vya kuchongoka. Nimevikata kwa kisu cha meno, na ile sehemu iliyokatwa inatoa makombo balaa. Nilipaka krimu nyembamba sana kwanza, nikaziweka friji dakika 15, ndipo nikapaka ya pili. Hiyo niliibuni mwenyewe, sijui kama inaruhusiwa.

Kuviringisha chembe walifanya wao. Keki mbili zilianguka kifudifudi. Mama yao alipofika aliangalia sahani, akaangalia sinki, akaniuliza nani amezipamba. Nikasema mimi. Akaangalia tena sinki.

Swali la mwisho: nimebakiwa na krimu ya waridi kama gramu 200. Ya bluu imekwisha, msiniulize imeishaje, kuna mtu ana ulimi wa bluu. Hii ya waridi naitupa?

Nozo Moja:

Inaruhusiwa, wenye kazi zao hufanya hivyohivyo kila siku kwenye keki kubwa. Safu ya kwanza inafunga makombo. Siku nyingine jaza mchanganyiko wa keki theluthi mbili ya kikombe tu, vichwa havitachongoka.

Shangazi Mwiko:

Usitupe. Itie kwenye mfuko, toa hewa, andika tarehe, iweke kwenye friza. Miezi mitatu haina neno. Siku ukiitaka, ihamishie friji usiku mmoja, kisha mezani mpaka kidole kizame kama ulivyozoea, na uipige upya dakika mbili. Mwanzoni itaonekana imekatika, usiogope, piga tu.

Na hizo mbili zilizoinama tuwekee picha.